Jumanne na Alhamisi

Alhamisi ile Nukta alifunga kompyuta yake saa tano asubuhi, akamwambia mwenzake wa meza ya jirani kwamba anatoka kidogo, akaenda kununua machungwa sita. Alikuwa anakwenda kumjulia hali mama wa mpenzi wake. Hakuitwa, na mpenzi mwenyewe hakuwa na habari. Alitaka asikie baadaye, kutoka kinywani mwa mama yake, afurahi.

Jina la Nukta alibandikwa na wanafunzi wenzake mwaka wa kwanza. Alikuwa mfupi, hilo la kwanza. La pili, kila mchoro aliuanza kwa kuweka nukta moja katikati ya karatasi, akaikodolea macho mpaka watu wakamcheka, ndipo mkono ukaanza kukimbia. Mpenzi wake naye walimwita Mpole. Alizungumza taratibu, hakumkatiza mtu kauli, na alikuwa na namna ya kumtazama aliye mbele yake kana kwamba wengine wote wametoka chumbani. Macho hayo ndiyo yaliyommaliza Nukta. Miaka miwili sasa alikuwa hoi kwa kijana huyo, na hakuona haya kusema.

Wote wawili walikuwa mwaka wa mwisho, wakisomea sanaa ya michezo ya kompyuta. Mradi wao wa kumalizia masomo waliufanya watu watatu. Wa tatu alikuwa kijana mnene, mcheshi, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta ya kuuendesha mchezo. Walimwita Baba Kodi, kwa sababu kila mwisho wa mwezi alizungukia meza za wenzake akidai michoro kama mwenye nyumba anavyodai kodi ya pango. Gemu yenyewe ilihusu mji uliofurika maji, na mwanamke msambaza barua aliyelazimika kuruka kutoka paa hadi paa ili kila barua imfikie mwenyewe. Nukta alipewa watu wa mji. Mpole alipewa nyumba, kumi na saba kwa hesabu.

Lakini kila mmoja alikuwa na kazi yake ya moyoni pia. Ya Nukta ilikuwa hadithi ya picha, juu ya mwanamke anayetengeneza miavuli mibovu. Baba yake Nukta aliishi na kufa akifanya kazi hiyo, na tangu azikwe binti alikuwa akichora, ukurasa mmoja mmoja, hadi kufika arobaini. Mpole ndiye aliyemshauri aziweke kando. Siku ile walikuwa wamekaa kwenye ngazi za maktaba. Alimshika mikono yote miwili, akamwambia kwamba wakiendelea kujigawa namna ile watachoka kabla ya wakati na mradi utatoka ovyo. Wakubaliane, alisema, kila mtu afunge kazi yake binafsi mpaka watakapowasilisha. Hata yeye angeifunga yake. Kisha akavua kamba ya kiatu chake, akazifunga kurasa zile arobaini kwa mkono wake mwenyewe, fundo juu ya fundo, na Nukta akacheka mpaka machozi kumwona anarudi bwenini kiatu kikimpwaya.

Wiki mbili baadaye, mama yake Mpole akapigwa na kiharusi. Si kikubwa, Mpole alieleza, ila mguu wa kushoto umelegea na madaktari wanataka afanyishwe mazoezi hospitalini kila Jumanne na Alhamisi mchana. Hakuna mwingine wa kumpeleka. Alilisema hilo ameinamisha kichwa, na ni Nukta mwenyewe aliyeitoa kauli.

"Nenda kamuuguze mama. Nyumba zako nitazishika mimi."

Miezi mitano alizishika. Jumanne na Alhamisi, wenzake walipokwenda kupumzika, yeye alibaki kwenye maabara ya kompyuta akijenga kuta, akipachika madirisha, akivisha mabati kutu na mbao ukungu. Mbili tatu za mwanzo Mpole alizianza mwenyewe. Zilizobaki zilitoka mkononi mwa Nukta tangu msingi hadi paa. Hakulalamika. Kila jioni Mpole alipompigia simu, sauti imechoka, kumwambia leo mama amepiga hatua nne, leo sita, Nukta alijisikia kama na yeye ameshika mkono mmoja wa yule mgonjwa.

Jana yake, Jumatano, alikuwa ameikamilisha nyumba ya kumi na saba. Ijumaa ndiyo siku ya kuwasilisha. Dada yake, aliyekuwa muuguzi na ndiye aliyemlea tangu baba afariki, alikuwa amemsema asubuhi ile. Miezi mitano mtu anaumwa, dada alisema, na wewe unayejiita mkwe mtarajiwa hujakanyaga mlangoni kwake? Nukta alijitetea kwamba yule mama hamtaki. Alishamwambia mwanawe kuwa wachora katuni wawili katika nyumba moja ni vichekesho. Dada hakutaka kusikia. Asikupende akiwa mzima, alisema, akiwa mgonjwa utakwenda.

Basi akaenda.

Mama yake Mpole alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa chini, makazi juu, na mlango ulikuwa wazi, mvuke unatoka. Nukta alitarajia kumkuta msaidizi amwulize mgonjwa amelala chumba gani. Alichokikuta ni mwanamke mpana, mwenye leso kichwani, amesimama juu ya stuli, mikono yote juu, anatundika pazia zito la ukumbini kwenye bomba karibu na dari. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa umebeba uzito wote. Wa kulia ulikuwa unaning'inia hewani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nishikie huo upande, mwanangu, usiburure chini."

Nukta aliweka machungwa mezani, akashika pazia. Walipomaliza, yule mama aliruka chini, akajifuta jasho, ndipo akamtazama vizuri. Uso ukambadilika.

"Wewe si yule binti wa katuni?"

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya mguu." Nukta alisikia sauti yake inakuwa ndogo. "Kiharusi. Mazoezi ya hospitali."

Mama alishika kiuno. Alikuwa na ulimi wa wembe, mtaa mzima ulijua, na alikuwa ameshaufungua mdomo tayari kuutumia. Lakini kitu fulani usoni mwa yule msichana kilimzuia. Alivuta kiti, akamkalisha, akakaa naye.

"Nani kaniulia mguu wangu?" aliuliza polepole.

Nukta akamweleza. Alieleza Jumanne na Alhamisi, hatua nne na hatua sita. Alipofika katikati yule mama alikuwa ameacha kumtazama, anatazama pasi iliyosimama mezani ikipumua mvuke peke yake. Hakumkatiza. Kumbe Mpole alikuwa amemrithi katika hilo.

"Mwanangu hajafika hapa tangu mwanzo wa mwaka," alisema mama hatimaye. "Kila nikimpigia ananiambia wewe humruhusu. Mradi, mradi, yule msichana hataki niondoke hata dakika. Nimekulaani wewe, binti. Mchana kweupe nimekulaani, na pasi mkononi."

"Mimi?"

"Wewe. Na sasa sijui nimlaani nani."

Mapazia yalikuwa yakidondosha maji. Kisha mama akainuka, akafungua droo ya stakabadhi za wateja, akatoa kadi nene nyeupe. Ililetwa juzi, alisema, na ndani kulikuwa na kikaratasi cha kumwonya asimwambie Nukta, kwa kuwa Nukta ana wivu na kazi za wenzake. Jumamosi, ghorofa ya juu ya duka la vitabu, maonyesho ya mchoraji mmoja tu. Jina la mchoraji lilikuwa la Mpole. Juu ya jina palikuwa na mchoro wa ndugu wawili wamebebana mgongoni wakivuka reli, na Nukta, ambaye macho yake yalikuwa yamefundishwa kazi hiyo, aliona mara moja kwamba mchoro ule haukufanywa kwa wiki moja wala mwezi. Mtu aliyeuchora alikuwa na muda. Alikuwa na mchana mrefu, mtulivu, mara mbili kwa wiki.

"Mama, naomba kwenda," alisema.

"Kunywa maji kwanza."

Alikunywa, kwa heshima.

Duka la vitabu halikuwa mbali. Nukta alipanda ngazi za mbao, akasukuma mlango, akamkuta Mpole peke yake katika chumba kirefu kilichojaa mwanga, nyundo mkononi, misumari midomoni. Kurasa zilikuwa zimeshatundikwa ukuta hadi ukuta. Mpole alipomwona aliitoa misumari mmoja mmoja, bila haraka, akaiweka dirishani.

Nukta hakumsemesha. Alianza kutembea, ukurasa baada ya ukurasa, pua karibu iguse karatasi. Alikuwa anatafuta. Alitafuta mwavuli, alitafuta sura ya baba yake, alitafuta mstari hata mmoja ambao angeweza kuuwekea kidole na kusema huu ni wangu, umeniibia. Alitamani auone. Mwizi mtu anajua la kumfanya. Lakini hakukuwa na kitu chake pale. Ilikuwa kazi ya Mpole mwenyewe, ya dhati na nzuri, nzuri kupita yote aliyowahi kumwona akifanya, na kwenye ukurasa wa ishirini na tatu, mdogo mtu alipomtua kaka yake chini ili apumzike, Nukta alijikuta anausoma mara ya pili, akajichukia kwa hilo.

"Nani amekwambia?" Mpole aliuliza nyuma yake.

"Mama yako. Hajambo. Nimemkuta juu ya stuli."

Mpole alikaa chini, pale pale sakafuni, mgongo ukutani. Alianza kusema kwamba alikuwa amwambie Jumamosi yenyewe, kwamba ilikuwa iwe kama zawadi, kwamba uongo ulianza mdogo na siku zikaenda. Nukta alimwacha aseme mpaka yakamwishia.

"Siku ile kwenye ngazi," alisema, "uliponiambia tufunge kazi zetu. Yako ulikuwa umeifunga?"

Mpole aliigeuza nyundo mkononi.

"Nakuuliza."

"Sikuifunga."

"Ulikuwa na nia ya kuifunga?"

Mpole aliinua macho. Yalikuwa macho yale yale, na ubaya wake ni kwamba hata sasa yalimfanya Nukta ajione yuko peke yake duniani.

"Unaukumbuka ukurasa wako ule wa upepo?" alisema. "Yule mama yuko darajani, mwavuli umegeuka, na yeye anacheka. Uliuchora nikiwa nimekaa pembeni yako. Mimi na wewe, meza moja. Nikautazama wako, nikautazama wangu, nikaukunja wangu nikautia mfukoni. Wiki tatu sikuweza kuchora hata kikombe. Kila ulipoketi kuchora, Nukta, mkono wangu ulikuwa unakufa."

"Kwa hiyo ukanizima."

"Nilitaka nafasi. Miezi michache tu, usiwepo mbele yangu."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Nukta alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu mkweli na swali lilistahili jibu la kweli.

"Ningekupa," alisema. "Ningekaa pembeni mwaka mzima, hata penseli ningekuchongea. Ndiyo inayoniuma. Umekwenda kumuua mama yako mguu, ukanifanya mimi jini mbele yake, kuiba kitu ambacho ungeomba kwa neno moja."

Mpole alijifunika uso. Akasema anampenda. Akalirudia mara mbili, taratibu, kama alivyosema kila kitu, na Nukta aliamini kwamba ni kweli, na hilo halikumsaidia chochote. Kisha Mpole akamwomba. Kesho wawasilishe kwanza kama walivyopanga, kila mmoja na sehemu yake, yasitoke haya mbele ya walimu. Akikwama sasa, alisema, mama yake atavunjika moyo.

"Mama yako yupi?" Nukta aliuliza. "Yule mgonjwa, au yule mzima?"

Akateremka ngazi.

Usiku ule alimweleza dada yake. Dada alitaka kwenda chuoni asubuhi na vazi lake la kazi, awakalie walimu mlangoni. Nukta alimkataza. Alisema hatamshitaki Mpole, wala hatamsitiri. Kila mtu ataulizwa lake na atajibu lake. Dada akamwangalia, akamvutia shuka mabegani, wala hakuongeza neno.

Ijumaa walisimama mbele ya walimu watatu katika ukumbi mdogo, mchezo ukiwaka ukutani. Baba Kodi alifungua, akawachekesha, akaeleza jinsi maji yalivyopangiwa kupanda na kushuka. Nukta akaeleza watu wake: kwa nini msambaza barua ana mabega mapana, kwa nini watoto wote wa mji ule wana viatu vikubwa kuliko miguu. Alikuwa ameamka na macho mekundu lakini sauti haikumtupa. Kisha ikafika zamu ya Mpole. Alisimama, suruali imepigwa pasi, akazungumza juu ya nyumba kumi na saba kwa maneno mazuri, juu ya upweke na makazi, na walimu wakatikisa vichwa kukubali.

Mwalimu mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni, alinyanyua kalamu.

"Nimependa sana nyumba hizi," alisema. "Nina swali dogo. Milango yote ya chini inafunguka kwa ndani, kama kawaida ya milango. Ya ghorofani yote inafunguka kwa nje. Nimeihesabu, hakuna hata mmoja uliokosea. Kwa nini?"

Lilikuwa swali jepesi, la kumpa mtu nafasi ya kung'ara. Mpole alifungua mdomo. Aliangalia ukutani, akaangalia mlango mmoja, mwingine, na Nukta aliona kwamba ndiyo mara ya kwanza anaiona. Miezi mitano, na hakuwahi kuifungua hata nyumba moja kati ya zile alizokuwa anazijenga Nukta usiku na mchana kwa ajili yake.

Ndipo Mpole alipogeuza kichwa, akamtazama.

Lilikuwa tazamo analolijua Nukta. Alimtazama hivyo walipokutana mara ya kwanza kwenye foleni ya vitambulisho, akiomba amwazime kalamu. Alimtazama hivyo kila mara alipotaka kitu na hakutaka kukisema, na kila mara Nukta alikuwa ameshakitoa kabla ya kuombwa. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Sentensi moja. Angeweza kuingilia kati kwa kicheko, kama mwenzake wa kazi tu, na mambo yangepita, na baada ya ukumbi wangekwenda kulia pamoja mahali na huenda wangesameheana. Mwili wake wote ulitaka. Aliishika meza kwa nyuma kwa mikono miwili, akanyamaza.

Baba Kodi alisoma sura zao, akaacha kutabasamu.

"Sijui," Mpole alisema mwishowe. Alilamba midomo. "Sijui, mwalimu, kwa sababu sikuzijenga mimi. Nilianza tatu. Zilizobaki amezijenga yeye. Nilimwambia nauguza."

Hakuna aliyemlazimisha. Baadaye Nukta alimhesabia hilo, kwa haki. Mwalimu wa miwani hakuonyesha kushangaa; aliandika kitu, akamwambia Mpole akae, na kwamba atamwona ofisini kwake saa nane. Kisha akamgeukia Nukta, akamwuliza swali lile lile.

Nukta alisogea mbele ya mwanga.

"Milango ya chini ilitengenezwa kabla ya mafuriko," alisema. "Ya juu yalikuwa madirisha. Watu waliyapasua kuwa milango maji yalipowafikia, na walikuwa na haraka, na walikuwa wanasukuma kutoka ndani kwenda nje. Anayekimbia maji havuti mlango. Anausukuma."

"Na wewe ndiye uliyezijenga?"

"Ndiyo, mwalimu. Nimezijenga mimi." Na ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mitano kulisema hilo kwa sauti. Lilimtoka kwa uchungu, lakini lilitoka.

Alipotoka nje, Mpole alikuwa anamsubiri kwenye ujia, kabla ya saa nane yake, amesimama karibu na ubao wa matangazo mikono imelegea. Hakujitetea. Alimwuliza kama ataweza siku moja kumsamehe, na Nukta alimjibu kwamba hajui, asimwulize tena leo. Wanafunzi walipita katikati yao na madaftari yao. Kwa jinsi alivyosimama, mabega yameshuka, ukosi umekunjamana upande mmoja, mkono wa Nukta ulijiinua wenyewe kwenda kuunyoosha ule ukosi. Aliurudisha ulipofika nusu ya njia. Wote wawili waliuona.

"Jumamosi," Mpole alisema. Sauti ilikuwa karibu haisikiki. "Mama atakuja. Hata kama ni mara ya mwisho, Nukta, ningependa uwepo. Nusu ya kazi ile ni muda wako."

"Najua ni muda wangu."

"Utakuja?"

Nukta alipandisha mkoba begani. Machozi yalikuwa yameshafika, hakuyafuta.

"Hapana," alisema. "Jumamosi nina kazi yangu."

Akampita, akashuka kwenda getini, na hakugeuka, ingawa alisikia vizuri kwamba nyuma yake hapakuwa na hatua zinazomfuata.